Kimbunga kikishapita, vibao navyo vinahitaji fundi

Jumamosi ya tatu hii nashinda nasugua chumvi. Niko huku pwani ya Texas, si mbali sana na Houston, kuna makumbusho madogo ya ndege huwa naenda kujitolea siku nikiwa off, sa dhoruba imepita hapo ikang'oa bati za hanga, lile banda la kuwekea ndege, upande mmoja na maji yakaingia mpaka usawa wa goti. Ndege zenyewe zimesalimika, tunashukuru. Vilivyoumia ni vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa anavihesabu: vibao vya maelezo, picha za ukutani, stika za vinili, ile ramani kubwa ya viwanja vya mafunzo ambayo watoto walikuwa wanapenda kuipapasa.

Kwenye kikao cha kwanza tukaambiwa hela yote iende kwenye ndege, vibao tutaprinti baadaye, au tubandike tu misimbo ya kuskani na simu basi yaishe. Nilinyoosha mkono nikapinga na mpaka leo napinga.

Siwabishii kuhusu chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye maungio ya alumini yakakaukia humo yanakula kimyakimya, unakuja kushtuka miezi mbele rivet, vile vipini vinavyoshikilia bati, zinabonyea, kwaiyo kuosha kwa maji mengi yasiyo na chumvi ndo kazi ya siku ya kwanza na hilo sina neno. Ila kusema kibao ni kitu cha baadaye, hapana. Mgeni hajui anachokiangalia mpaka kibao kimwambie.

Angalia kilichotokea wiki ile ile. Watu wa usafi waliokota vibao vilivyokuwa vinaelea, wakavikausha, wakavirudisha kwenye stendi iliyo karibu. Mi napita naona kibao cha Wright R-1820, injini iliyorusha B-17, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, kimekaa mbele ya injini yenye silinda 18 zilizojipanga safu mbili. Hiyo R-1820, wenyewe wanaiita Cyclone, ina silinda 9 tu, safu moja, unaweza kuzihesabu kwa kidole! Ile yenye 18 ni Pratt & Whitney R-2800, ya ndege za kivita za kina Thunderbolt na Corsair, ndege nyingine kabisa na wanajeshi wengine kabisa. Familia zilikuwa zinapita hapo, mababu wanawaeleza wajukuu kitu cha uongo wakidhani wanawafundisha, na hakuna wa kulaumiwa maana kibao ndo kimesema. Iliniuma sana.

Halafu kuna watu ambao hawana kitu kingine zaidi ya kibao. Bessie Coleman ni wa huku huku, kazaliwa mji unaitwa Atlanta lakini wa Texas, mwaka 1892, mtoto wa wakulima. Shule za urubani Marekani zilimkatalia kwa sababu ni mwanamke na ni mweusi, akawa anapaka watu rangi za kucha Chicago huku anajifunza Kifaransa, akavuka bahari hadi Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata. 1926 akaanguka kutoka kwenye ndege Jacksonville akafa, ana miaka 34. Sa niambie, pale kwetu Bessie utamwonyesha na nini? Hatuna ndege yake, hatuna hata koti lake. Tulikuwa na picha moja na maneno kama 200 kwenye fomu bodi, ule ubao mwepesi wa povu uliovikwa karatasi, na ile bodi niliikuta imevimba kama mkate uliodumbukia kwenye chai. Ukisema vibao baadaye unakuwa umesema Bessie baadaye, na huyo dada alishaambiwa baadaye vya kutosha.

Baba yangu alikuwa anaandika mabango Tanga, ya maduka, ya mabasi, ya mashule, na kitu alichokuwa anasisitiza kwa vijana wake ni kingo. Unapaka rangi ya mafuta kwenye kingo za plaiwudi kwanza, mara mbili, ndo unakuja usoni, kwa sababu maji yanaingilia pembeni, kule mbao imekatwa. Nimekuja kuliona hilo huku ng'ambo kwenye hanga: karibu kila kibao kilichokufa kimeanzia pembeni. Fomu bodi inanyonya kwenye kingo inavimba, karatasi inaachia, vinili inajikunja. Vile vichache vilivyoprintiwa moja kwa moja kwenye bati la alumini tumevifuta matope tu vikarudi kazini. Kwaiyo tukitengeneza vipya vya sehemu ya chini tusirudie fomu bodi kwa sababu ni rahisi, na stendi zipande juu kidogo, na zifungwe chini kwa bolti, maana stendi inayoelea inageuka rungu la kugonga ubavu wa ndege.

Na picha za zamani jamani, picha ikigandia kwenye kioo usiivute! Iache na kioo chake, mpe anayejua. Karatasi zilizolowa ukiona huwezi kuzikausha ndani ya siku mbili ziweke kwenye friza, barafu inasimamisha ukungu mpaka mpate nafasi. Tuliokoa barua za rubani mmoja hivyo, kwenye friza ya samaki ya jirani.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba maneno ya vibao hayakuwepo popote. Aliyeyaandika alishafariki, kompyuta ilikuwa chini ya meza, meza ilikuwa chini ya maji. Tumelazimika kuomba wageni wa miaka ya nyuma watutumie picha walizopiga, na zinakuja, mtoto amesimama mbele ya ndege anacheka na nyuma ya sikio lake unasoma nusu ya aya, tunakuza, tunanakili, tunaunganisha na picha ya familia nyingine iliyosimama upande wa pili. Kama una makumbusho popote ulipo, hata kachumba kamoja, piga picha kila kibao leo na uzihifadhi nje ya hilo jengo.

Jambo la mwisho ninalolipigania, na hapa wengine hawanielewi, dhoruba yenyewe iandikwe kwenye vibao vipya. Kimbunga Ike kilipopiga Galveston, hapa hapa pwani ya Texas, tarehe 13 Septemba 2008, Lone Star Flight Museum ilikuwa pale uwanja wa ndege wa Scholes na ikafurika, baadaye ikahamia uwanja wa Ellington, Houston, ikafungua milango 2017. Kule Connecticut tarehe 3 Oktoba 1979 tonado ilipita juu ya makumbusho ya Bradley ikavunjavunja ndege nyingi, ikiwemo B-29, ndege kubwa ya mabomu, ambayo leo imesimama ndani ya New England Air Museum baada ya watu kuitengeneza miaka na miaka. Mi ndege kama hiyo naiheshimu mara mbili. Ukimficha mgeni kwamba imewahi kuvunjika unakuwa umewafuta na wale walioiunga, wengi wao wazee waliokuwa wanakuja bila kulipwa hata nauli.

Cha Bessie kimerudi kutoka kwa mprintaji juzi, kiko kwenye alumini. Aya yake ya tatu bado ina pengo, picha zote tulizotumiwa kuna mtu amesimama mbele ya hiyo sehemu, ila tumekubaliana tukifunge hivyo hivyo Jumamosi na pengo lake mpaka ipatikane picha nyingine. Ukutani nyuma yake tumeacha mstari wa matope pale maji yalipofika, nimeupitishia vanishi usifutike.