Nauza mlima ambao sijaupanda

Jamani, naomba niseme ukweli kabla bosi hajaamka. Yale maneno ya "Njoo usimame nasi juu ya paa la Afrika" kwenye kurasa za kampuni moja ya utalii hapa Moshi, ninayeyaandika ni mimi. Nasi! Sisi nani? Mimi nimezaliwa Kibosho, Mlima Kilimanjaro uko nyuma ya choo chetu, na juu kabisa nilikowahi kufika ni kwa shangazi, siku tuliyopeleka mbege ya posa. Tena nilirudi na bodaboda.

Kwa mama hii kazi haina jina. Jirani akimuuliza mwanao anafanya nini mjini, anajibu, "Yupo tu, anashika simu." Anavyolitamka hilo anashika utadhani nashika tama. Diploma yangu ni ya ununuzi na ugavi. Siku ya usaili bosi aliuliza kama nayajua mambo ya mitandao, nikasema nayajua vizuri, kwa sababu nilikuwa admini wa grupu la ukoo, watu tisini na michango saba isiyoisha. Nikapewa kazi. Tangu siku hiyo nasubiri mtu afungue mlango aseme, "Wewe, toka."

Na wageni nao wanauliza kuhusu njia za kupandia mlima! "Lemosho siku nane au Machame siku saba?" Najibu kama jenerali: chukua Lemosho siku nane, mwili unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Ni kweli kabisa, ila nimeyapata kwa simu kutoka kwa mzee mmoja, kiongozi wetu wa kupandisha wageni mlimani, mwenyewe nimejifunika blanketi. Tena ni usiku, maana huku ikigonga saa tano, New York ni saa tisa au kumi jioni kutegemea msimu, ndiyo wateja wamechangamka. Mama mmoja wa huko akaniuliza: ulipofika kileleni ulisikia baridi kiasi gani? Nikaikodolea simu macho. Nikafikiria baridi ya Kibosho mwezi wa saba, ile ya kunawa uso ukatangaza umeoga. Nikaandika, "Kali sana." Sikudanganya. Ila usingizi haukuja.

Basi nikala bando lote kutafuta nina ugonjwa gani. Kumbe una jina, "imposter phenomenon", yaani hali ya kujiona tapeli, ingawa walioupa jina hilo hawakuuita ugonjwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa, wenye shahada, wanaoheshimika makazini, hata wanafunzi hodari, na bado ndani yao wanaamini wamefika pale kwa bahati au kwa kuwazuga watu, na siku moja watagundulika. Nikashusha pumzi. Nikasema huyu ni mimi! Halafu nikasoma tena. Wenzangu wale, wengine walikuwa na shahada za uzamivu. Mimi nina grupu la ukoo. Yaani hata kwenye foleni ya wanaojiona matapeli, mimi nimepitia dirishani.

Wiki iliyofuata nikaleta ushahidi. Nikaposti picha ya mlima, jua linazama, mawingu yametanda chini, uzuri wa kuliza mtu. Nikaandika, "Kilimanjaro, mita 5,895, inakusubiri." Nikabusti kwa hela ya kampuni, nikalala kifua mbele. Asubuhi komenti ya kwanza: "Dogo, huo ni Meru." Ya pili: "Meru huo." Ya tatu, bila shaka mtu wa Arusha: "Turudishieni mlima wetu." Mita 4,566, mkoa mwingine, hifadhi nyingine! Mtoto wa Kibosho kushindwa kuitambua Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni sawa na kumwita mama wa jirani "mama," mama yako mzazi akiwa amesimama pembeni na kuni kichwani.

Nikaifuta, nikatoroka ofisini kwenda kunywa mtori pale Mbuyuni, nikitunga barua ya kuacha kazi. Nani akaja kukaa mbele yangu? Yule kiongozi mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyehamisha mlima?"

Nikatamani bakuli linimeze. Akacheka hadi akakohoa, kisha akasukuma simu yake mezani. Binti yake amemfungulia ukurasa, picha anazo za miaka yote, lakini kila akitaka kuandika mkono unatetemeka. "Watasema huyu mzee anajifanya nani. Hebu nielekeze, dogo."

Huyu mtu amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda daladala za Kibosho! Nikamuuliza, na kule juu je, hutetemeki? Akasema safari zote, ile saa sita ya usiku wanapoanza kwenda kileleni, anajiuliza kama leo atawarudisha watoto wa watu salama. Akapuliza mtori. "Hawajui. Wanadhani nakohoa."

Nikamwelekeza. Weka picha ya wima, inajaza simu. Neno tamu lianze mbele, maana ya nyuma yanafichwa. Usiposti asubuhi wakati Marekani wanakoroma. Nikasikia sauti inatiririka kwa uhakika, nikageuka nione ni nani anaongea.

Jumapili nilikuwa Kibosho. Saa kumi na mbili asubuhi, mawingu hayajafunga, mama anakata majani ya ng'ombe na Kibo imetokeza juu ya migomba na barafu yake. Nikapiga picha. Nikaandika: "Mama amekaa chini ya mlima huu miaka 63, hajaupanda. Mimi pia bado. Ila tunajua unatoka saa ngapi na unajificha saa ngapi." Nikaposti nikiwa nimefumba jicho moja.

Ikapita zote nilizowahi kuweka. Wageni wawili wameshalipia. Bosi akatuma ujumbe, "Hiki ndicho nilichokuwa nakwambia siku zote." Hajawahi kuniambia.

Nikampelekea mama aone, watu elfu nne wameipenda. Akatafuta miwani, akaisogeza simu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Yaani kanga yangu imechanika hivi, na wewe umewaonyesha wazungu wote?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Wewe, toka."