Mraibu anayerudia kuvunja nyumba aadhibiwe kwa kosa lipi?

Kijana aliyevunja nyumba kwa mara ya tatu, baada ya mahakama kumpa kifungo cha nje kwa sharti la kwenda kliniki aachane na unga, yaani heroini, hana mtetezi mtaani. Katika mahakama za Pwani ya Kenya, kuanzia Malindi hadi Kwale, kesi ya aina hii hujulikana hata kabla ya kusomwa. Kuna mtungi wa gesi na televisheni ya watu, kuna mshtakiwa aliyekonda, na kuna ripoti ya afisa wa probesheni, anayesimamia vifungo vya nje, inayosema kwamba alishindwa kutimiza masharti. Sentensi hiyo moja ndiyo humaliza mjadala. Alipewa nafasi, akaichezea, basi afungwe miaka mingi. Sikubaliani na hesabu hiyo, ingawa sidhani kwamba jela haistahili.

Upande wa mwenye nyumba hauhitaji kupambwa. Kifungu cha 304 cha Sheria ya Adhabu kinaruhusu hadi miaka 7 jela kwa kuvunja nyumba, na hadi miaka 10 kosa likitendeka usiku. Ni haki iwe hivyo, kwa sababu anayeingiliwa usingizini na watoto wake anapoteza zaidi ya kilichobebwa. Tena wanaovunjiwa aghalabu si watu wa nyumba zenye ukuta na mlinzi getini. Ni mama anayekaanga viazi karai barazani, ambaye mtungi wa gesi ndio mtaji wake wote. Kumwambia huyo asubiri wakati mwizi wake anatibiwa ni kumwomba alipie matibabu ya mtu mwingine.

Halafu kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Watu wakishaamini kwamba korti humrudisha mwizi mtaani, mara ya nne hawamwiti polisi. Tunajua mawe na tairi hufanya nini. Hakimu anayemfunga kijana wa namna hii huenda anamwokoa roho, na hoja hiyo siwezi kuipuuza.

Lakini huko "kushindwa kutimiza masharti" ni kushindwa kwa namna gani? Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokwisha mapema. Heroini haimwachi mtu kwa sababu hakimu ameagiza. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikipanda, mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi haupo, na kete moja ya unga inayaondoa yote kwa dakika chache. Ndiyo maana tangu Desemba 2014, methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, ilipoanza kutolewa katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na mwaka uliofuata huku Pwani, matibabu yamejengwa juu ya dozi ya kila siku. Mgonjwa hufika kliniki mwenyewe, hunywa mbele ya mhudumu, kesho anarudi. Jumapili iko, sikukuu iko. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudishiwa kipimo chake cha zamani papo hapo, kwa kuwa kinaweza kumdhuru, hivyo huanzishwa tena kwa kiasi kidogo. Wakati huo arosto inamngoja.

Sasa fikiria mgonjwa aliyehudhuria vizuri kwa miezi, kisha akazolewa Ijumaa asubuhi kwenye msako wa maskani ya waraibu, kabla hajafika kliniki. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haifanyi kazi, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo anafikishwa Jumatatu. Dozi ya Ijumaa imepita, ya Jumamosi imepita, ya Jumapili imepita, na ya Jumatatu inategemea faili yake itaitwa saa ngapi. Huenda akaachiliwa bila kosa lolote. Anatoka korti akiwa mgonjwa, hana nauli, na mtu wa kwanza atakayekutana naye mwenye dawa ya maumivu yake si mhudumu wa kliniki. Miezi miwili baadaye ripoti itasema aliacha matibabu. Ni kweli aliacha. Ila dola iliyomwamuru atibiwe ndiyo iliyomfungia mlango siku tatu, na hilo halimo kwenye ripoti.

Sheria ya probesheni yenyewe haioni kuvunja sharti kuwa mwisho wa njia. Hakimu anaweza kumtoza faini mkosaji na kuiacha amri iendelee, au kumhukumu kwa kosa la awali. Waliotunga sheria waliacha nafasi hiyo, na wala sheria hiyo haikutungwa na watu laini.

Upo ukweli mwingine. Waraibu wengi hawavunji nyumba za watu. Wanaokota vyuma chakavu, wanabeba mizigo sokoni, wanaomba. Uraibu unaeleza wizi, hauufuti. Anayedai kwamba mraibu hakuwa na hiari yoyote anawavunjia heshima wale wenzake wanaoumwa vilevile bila kugusa dirisha la mtu. Kwa hiyo aliyevunja nyumba usiku, tena kwa mara ya tatu, anastahili jela. Ninachopinga ni ile miaka inayoongezwa juu kwa sababu tu matibabu hayakushika.

Tutazame miaka hiyo inanunua nini. Kifungo cha miaka 6, kikiondolewa theluthi ya msamaha ambayo Sheria ya Magereza humpa mfungwa mwenye nidhamu, ni miaka 4. Miaka 4 mtaa unapumua, na hilo si dogo. Kisha anarudi mtaa uleule, na mwili uliosahau unga lakini kichwa ambacho hakijausahau. Uchambuzi wa tafiti za Uingereza, Australia na Marekani, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa dawa za kulevya ni mara 3 hadi 8 ya ile ya wiki kumi zinazofuata. Anapima kipimo chake cha zamani, na mwili hauwezi tena kukibeba. Asiyekufa yuko pale alipokuwa kabla ya kesi ya kwanza, akiwa na umri zaidi na rekodi nzito zaidi, na mama wa viazi karai bado jirani yake.

Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inaruhusu mkosaji sugu awekwe chini ya uangalizi wa polisi hadi miaka 5 baada ya kutoka. Tumeona umuhimu wa yeye kuripoti kwa polisi, si kwa kliniki. Hakimu aliye na faili la namna hii leo anaweza kupima urefu wa kifungo kwa uzito wa uvunjaji peke yake, kuagiza gereza lisikatize methadoni, na kutaka kliniki ijulishwe tarehe ya kutoka kabla haijafika. Na kabla ya yote hayo, airudishe ripoti kwa afisa wa probesheni aandike siku alizohudhuria, siku alizokosa, na kila siku aliyokosa alikuwa wapi.