Mahafali Yaliyogeuka Kikao cha Mahari

Mwanafunzi wa shule ya kata anaweza kusimama mbele ya halaiki akatema Kiingereza bila kumeza mate, mradi tu umwache aanze na ule utangulizi: mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, katibu, jopo la majaji, walimu wapendwa, na ninyi wapinzani wangu msio na hoja, habari za mchana. Hapo hakamatiki. Sasa mwulize hoja yake ni ipi. Ataangalia dari, na kwa kuwa madarasa yetu mengi hayana dari, ataangalia mabati. Mada nayo kila mwaka ni ileile, elimu ni bora kuliko pesa, na kila mwaka pesa zinapigwa chini, hata kama mwalimu anayesimamia mdahalo anadai malimbikizo na kiatu chake kimeachia soli.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tatu huko Usukumani, upande wa Simiyu. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, na kwa Msukuma Mzaramo ni mtani, kwa hiyo tangu nimeripoti kazini jina langu lilibaki kwenye barua ya ajira tu. Wazee wakiniona gulioni wanapaza sauti: "Mwadila, mtani! Umeshajua kukamua ng'ombe, au bado unakuna nazi?" Nami nawajibu kwamba kwetu ng'ombe tunamla, hatumpigii saluti. Tuliishi vizuri sana.

Kwenye orodha ya tamthiliya za mtihani wakati ule kulikuwa na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, na niliichagua kwa sababu zangu. Iko hivi: katika kijiji cha Ilujinle, Nigeria, kuna mwalimu kijana anaitwa Lakunle, anampenda Sidi, binti anayesifiwa uzuri kijiji kizima. Sidi hana tatizo na ndoa, ila mahari ilipwe. Lakunle hataki, anaona ni mambo ya kishenzi. Pembeni yuko Baroka, chifu wa miaka 62 mwenye wake lukuki, naye anamtaka huyohuyo. Mwishoni mzee anaondoka na binti, mwalimu anabaki na Kiingereza chake. Kuifundisha tamthiliya hii ukiwa mwalimu kijana na kapera, tena mbele ya wasichana wa nyuma ya darasa wanaokuangalia kwa huruma, ni kazi ya moyo.

Lakini ina hazina moja. Kuna mahali Lakunle anaiponda mahari kwa kushusha maneno magumu mfululizo, moja juu ya jingine, mpaka pumzi inakata. Sidi anamuuliza kama mfuko umekwisha. Lakunle anajibu kwa masikitiko kwamba ana kamusi fupi tu, ile ndefu ameshaiagiza. Darasa langu lilikifia kipande hicho. Nilikuwa nimehangaika muhula mzima na majedwali ya msamiati ubaoni bila faida, sasa huko uwanjani beki akipigwa chenga anaambiwa yeye ni retrogressive, na wali wa mchana ukiungua unaitwa unpalatable. Mpishi alikuja ofisini kuuliza ametukanwa nini.

Mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, nikaenda kwa mkuu wa shule nikamwomba vijana wangu waigize kipande hicho mbele ya wazazi. Fasihi, msamiati na kuzungumza hadharani, vyote kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia mwandishi mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mkuu akaniuliza kitachukua dakika ngapi, maana keki haivumilii jua.

Sehemu ambazo zingeniita mbele ya bodi ya shule nilizifuta kwa kalamu nyekundu, mahali pake nikaweka kupeana mkono. Na kwa vile wazazi wengi hawasikii Kiingereza, nikamweka pembeni kijana mmoja na maiki yake, bingwa wa midahalo, kazi yake kutoa Kiswahili kila mhusika akimaliza kusema. Kanuni ya jukwaani ilikuwa moja, niliirudia kila mazoezi: lolote litakalotokea, hata bati likianguka, endeleeni.

Siku ikafika. Turubai, spika mbili zinazokoroma, pilau inanukia kutoka nyuma ya stoo. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Diwani, na kulia kwake mtendaji wa kata. Wahitimu wakasoma risala, na risala za shule zetu tunazijua: matundu ya vyoo hayatoshi, maabara imeishia kwenye lenta, nyumba za walimu hakuna. Diwani alikuwa na kidaftari, kila upungufu anaandika. Hicho kidaftari mkikumbuke.

Mshereheshaji akaita igizo.

Sidi akaingia na ndoo ya plastiki kichwani. Tulikubaliana iwe tupu. Yeye aliona kitabu hakidanganyi, akaijaza. Lakunle akaja mbio kumtua, kama kitabu kinavyotaka, na maji yote yakaishia kwenye koti, koti la mwalimu wa taaluma, la harusi yake. Kitabuni suti ya Lakunle inambana. Ya kwetu mikono ilikuwa inameza vidole, na sasa inachuruzika. Wazazi wakacheka mpaka mama mmoja akaanguka na kiti. Mwalimu wa taaluma hakucheka.

Wakapeana mkono. Kijana, kwa woga, akausahau mkono wa binti ndani ya mkono wake, akaanza kutoa maneno yake ya mapenzi huku ameushika. Mkalimani wangu akainua maiki:

"Anasema anampenda kufa! Anataka kumuoa! Ila mahari halipi, hata shilingi!"

Chini ya turubai pakasikika ule mguno wa mkutano wa kijiji mtu anapotajwa kala mchango. Lakunle akadhani anashangiliwa. Akavuta pumzi akaachia orodha yote, barbaric, archaic, degrading, akinyoosha kidole juu, mate yanaruka, matamshi yamenyooka kuliko siku zote. Kusema kweli nilijisikia fahari. Mkalimani aliposikia excommunicated akafumba macho. Orodha ikaisha, akabaki kimya, watu wote wanamtazama yeye. Akafupisha:

"Anasema mila zetu ni takataka."

Mzee mmoja akasimama katikati ya wazazi, mrefu, kofia ya pama, fimbo mkononi. Nilimfahamu, ni baba mzazi wa Sidi wangu. Akaanza kuja mbele taratibu, na kila anapopita watu wanasogeza viti. Wale vijana, Mungu awabariki, wakashika kanuni ya bati. Sidi akauliza kama mfuko umekwisha. Lakunle akajibu. Mkalimani akatangaza:

"Mwalimu anasema ana kamusi fupi tu, ile ndefu ameiagiza, haijafika!"

Diwani akafungua kidaftari. Nilimwona kwa macho yangu akimwinamia mkuu wa shule: "Hii ya kamusi mbona haikuwemo kwenye risala?"

Mzee akafika mbele ya Lakunle.

"Kijana. Wewe ni mtoto wa nani?"

Sasa pale kitabu hakina jibu. Lakunle wa Soyinka angempa mzee hotuba ya maendeleo. Lakunle wangu, mtoto aliyelelewa na bibi yake, aliuachia mkono wa binti, akainama mpaka koti likagusa vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuuliza wewe ni mtoto wa nani, unayemshika mkono binti yangu mbele ya kata nzima na kusema hulipi?"

Nikaona ni wakati wa mwalimu kuingia. Nikasimama. "Wazee wangu, naomba tuelewane, hili ni igizo, linatoka kwenye kitabu..."

Mzee hata hakugeuka. "Mtani, kaa. Mzaramo anajua nini habari za ng'ombe?"

Turubai likalipuka kwa kicheko. Nikakaa. Kwa mtani huwezi kukata rufaa.

Nafikiri pale mambo yangeisha kwa masihara, kama si Baroka. Baroka wangu hakuwa na neno hata moja katika kipande kile. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni kwenye kigoda, na ndevu za pamba alizobandika kwa gundi, aonekane tu. Lakini alikuwa amekisoma kitabu mpaka mwisho, ndiye pekee darasani, na alijua nani anashinda. Akaruka jukwaani, akajipiga kifua:

"Mimi nalipa! Ng'ombe thelathini!"

Vigelegele. Bibi mmoja akaanza kucheza. Baba yake Sidi akamgeukia Baroka, akampima juu mpaka chini, pamba na yote, akauliza kwa utulivu wa mtu aliyekaa vikao vingi:

"Thelathini. Mitamba mingapi, madume mangapi?"

Mpaka leo sina uhakika kama yule mzee alikuwa anatania. Uso haukusema kitu. Baroka akajibu, mitamba ishirini, madume kumi, na hapo ikasikika sauti ya mama yake kutoka upande wa pilau: "Mitamba ishirini ya nani? Pale nyumbani kuna ng'ombe wanne, na mmoja ni wa jirani!" Wajomba wa Sidi wakasimama. Baba zake wadogo Baroka wakasimama. Mmoja akataka kujua kama ndevu zile ni ahadi au ni dharau. Mshereheshaji akaweka muziki, mkuu wa shule akamwashiria auzime.

Ndipo mtendaji wa kata akainuka, akarekebisha miwani, akaomba maiki. Alikuwa mtu wa ofisi. Akawakumbusha wananchi kwamba Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na kwamba mtu yeyote atakayeoa mwanafunzi, adhabu yake ni kifungo cha miaka thelathini.

"Thelathini," akarudia, akimtazama Baroka.

Baroka akashika ndevu akavuta. Zilitoka nusu. Nusu ya pili iliondoka naye kuelekea madarasani, na hakuonekana tena mpaka pilau ilipotangazwa.

Katika vurugu ile Sidi alikuwa amesimama na ndoo yake, hakuna aliyemuuliza kitu. Akamfuata mkalimani, akamnyang'anya maiki. Nikasema moyoni, sasa hivi atakimbia au atalia. Akaanza, kwa Kiingereza: mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, katibu, jopo la majaji. Hapakuwa na mwenyekiti wala mtunza muda. Wala hakutazama mabati. Alimtazama baba yake, akamtazama Lakunle anayechuruzika, akasema kwamba watu wote wanazungumza juu yake na hakuna anayezungumza naye, kwamba yeye yuko kidato cha tatu na ana mtihani mwakani, kwamba ng'ombe hawajui kusoma lakini angalau wanakaa kimya wakati wa igizo. Mtoto huyo nilimfundisha tangu kidato cha kwanza na sikuwahi kumsikia akitoa sentensi ambayo haijaanzia ubaoni. Alikosea nyakati za vitenzi mara kadhaa. Zikosewe tu.

Akamrudishia mkalimani maiki. Yule bingwa wa midahalo akatafakari, akaona watu wanangoja.

"Anasema kaeni chini wote."

Wakakaa. Baba yake naye akakaa, akiwa wa kwanza, akiwaambia waliokuwa nyuma yake: "Si mmesikia? Ng'wana wane amesema kaeni."

Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa fupi kwa sababu ya keki. Diwani aliahidi mifuko ya saruji kwa ajili ya vyoo, akaahidi kufuatilia maabara, halafu akafunua ukurasa wa mwisho wa kidaftari na kusema ameguswa sana na kilio cha yule mwalimu wa kamusi. Mkuu wa shule akanikanyaga mguu nisiseme kitu. Saruji tuliingoja. Maabara bado iko kwenye lenta. Lakini kabla muhula haujafungwa Diwani alikuja mwenyewe na pikipiki, amebeba kamusi moja nene, jalada gumu, ndani yake ameandika kwa kalamu ya wino: Kwa Mwalimu Lakunle, kazi njema. Mkuu akaniita nikaipokea, tukapiga picha.

Mwaka uliofuata darasa lile likafanya mtihani wa mock, na walimu wa Kiingereza tukakusanywa kituo kimoja kusahihisha. Swali la tamthiliya lilikuwa lilelile la siku zote, mgongano wa mila na usasa. Mimi nilipangiwa ushairi. Mchana, kabla ya chai, mwalimu wa shule nyingine akainua karatasi juu.

"Jamani, nisaidieni. Kwa Soyinka, mtendaji wa kata anatokea ukurasa wa ngapi?"

Hakuna aliyemjibu. Akaendelea kusoma kwa sauti: mtahiniwa anaeleza kwamba Baroka aliahidi ng'ombe thelathini, ila mgogoro ulimalizwa na mtendaji aliyesoma sheria, na kwamba Lakunle hatimaye alipewa kamusi ndefu na Diwani wa Ilujinle. Hoja zilijengwa vizuri, msamiati wa hali ya juu, hata retrogressive imo na imeandikwa sawasawa. Kiongozi wa jopo akaichukua, akaisoma mara mbili, akatuuliza nani kati yetu anafundisha kitabu hicho.

Mwalimu mmoja wa makamo akasema huenda limetoka toleo jipya. Nikamwunga mkono.