Kabla ya Saketi, Nionyeshe Bamba

Giza lililopita lilinirudishia taa tisa. Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu, Tanganyika: huku Kigoma kazi ya dagaa inahesabiwa kwa giza, zile siku ambazo mbalamwezi haipo na samaki wanaukubali mwanga wa taa. Mwezi ukishapevuka mitumbwi inapumzika kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, nyavu zinashonwa, na taa mbovu zinaletwa kwangu Gungu zikiwa ndani ya viroba. Tisa, na nimezifungua zote. Mbili ziliingia maji. Saba zimekufa kwa joto.

Wateja wangu hawaniamini nikisema joto, kwa sababu wote tumeshaambiwa kwamba taa ya LED haipati moto. Nahodha mmoja wa mtumbwi wa dagaa alishika kioo cha taa yake ikiwaka, akaniambia, "Fundi, mkono wangu huu hapa hauungui. Joto gani hilo?" Nikamwomba aigeuze ashike mgongo. Aliuachia upesi.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo wauzaji hawaielezi. Balbu ya zamani ya nyuzi ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga. Ndiyo maana wafugaji waliitumia kupasha vifaranga joto. LED haifanyi hivyo. Mwanga wake unatoka mbele karibu bila joto lolote, lakini nusu ya umeme inaoula, na katika zile za bei rahisi zaidi ya nusu, inageuka joto ndani ya chipu iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi. Joto hilo haliwezi kurukia hewani kutoka kwenye punje hiyo. Lina njia moja tu, ya nyuma, kupitia kitu kigumu kilichogusana na chipu. Ukiziba njia hiyo, taa inajipika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nimeyafikia baada ya kuharibu taa nyingi kwa mikono yangu mwenyewe: anayebuni taa ya LED aanze na bamba la chuma litakalobeba joto, ndipo achore saketi. Sisi mafundi tumezoea kinyume. Tunachagua LED, tunachagua saketi, tunatafuta boksi zuri, halafu mwisho kabisa tunauliza joto litapitia wapi. Wakati huo nafasi imekwisha na pesa imekwisha, tunabandika kipande cha bati kwa gundi na kuomba Mungu.

Moja ya zile saba iliandikwa wati 50 mgongoni. Nilipoitengeneza na kuifunga kwenye betri ya volti 12 ilivuta ampea 1.4, yaani wati 17 hivi. Tajiri wa mtumbwi alilipia wati 50. Lakini hata hizo 17 zilikuwa nyingi mno kwa boksi lile la plastiki: baada ya saa moja kipimajoto nilichokibandika nyuma ya bodi, kile kibao kilichobeba LED, kilisoma nyuzi 96. LED zilizokufa zilikuwa zimebadilika rangi. LED nyeupe kwa asili yake ni LED ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa njano, na ni hiyo bluu iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwenye taa hii ule unga wa njano ulikuwa kahawia, na katikati kabisa mweusi kama ukoko wa ugali.

Mfano wa ugali nautumia sana, kwa sababu mama yeyote anayepika anaijua kanuni hii kuliko mafundi wengi. Sufuria nyembamba inaunguza pale katikati penye moto, na pembeni bado pabichi. Sufuria nzito inasambaza moto, haiunguzi. Bamba nyuma ya LED ni vivyo hivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulitoa joto kwenye vile vidoa vidogo na kulitandaza, na ya pili ni kulikabidhi kwa hewa. Bati jembamba haliwezi hata ile kazi ya kwanza. Aluminiamu inapitisha joto karibu mara elfu moja kuliko plastiki, lakini ukiifanya nyembamba kama karatasi umeitupa faida hiyo.

Na kuna adui mwingine, mdogo, asiyeonekana: hewa iliyobaki kati ya bodi na bamba. Vitu viwili vinavyoonekana vimegusana, ukweli vimegusana kwenye vinundu vichache tu, kwingine kote ni hewa, na hewa tulivu haipitishi joto vizuri. Dawa yake ni grisi ya joto, ipakwe nyembamba sana, kisha skrubu zikazwe sawasawa pande zote. Vijana wengi wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Hapana. Grisi ni ya kujaza mashimo. Ikiwa nene inakuwa blanketi.

Sasa saketi, maana sisemi haina umuhimu. Nasema saketi mbovu nayo ni jiko ndani ya boksi.

Taa nyingi za bei rahisi zina LED tatu mfululizo pamoja na rizista, kifaa kidogo cha kubana mkondo wa umeme. LED tatu zinataka takriban volti 9.6, betri inatoa 12, rizista inamaliza zile 2.4. Sehemu moja ya tano ya betri yako imekwenda kupasha rizista, na rizista imo ndani ya boksi lilelile tunalohangaika kulipoza. Hasara hiyo ya tano moja bado ni ndogo kuliko ya pili. Chukua rizista ya omu 6.8. Betri ikiwa imejaa, volti 12.7, zinapita takriban miliampea 460 kwenye LED ambayo ilipaswa kupewa 350. Betri ikishuka hadi 11.5, zinapita 280. Maana yake, jioni taa inachomwa kupita kiasi, na alfajiri, saa ambayo nahodha anataka kuinua wavu wake wa mwisho, taa inafifia. Na LED ikipata joto, volti inayoitaka inapungua kidogo, hivyo mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena. Rizista inalipunguza tatizo hilo lakini hailimalizi. Ukifunga LED moja kwa moja kwenye betri bila kitu chochote, unaiua usiku huohuo.

Draiva ya mkondo thabiti ndiyo jibu. Ndani yake kuna swichi inayofunga na kufungua maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na koili inayouchukua umeme kwa mafungu na kuuachia taratibu, huku rizista ndogo sana ikipima mkondo na kuiambia swichi ikaze au ilegeze. Ziada haichomwi, inabaki kwenye betri. Draiva iliyochaguliwa vizuri inafikisha asilimia 90 ya umeme kwenye LED, na mkondo ni uleule betri ikiwa 12.7 au 11.5. Chipu zake sasa zinapatikana kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu. Sioni tena sababu ya kumuuzia mvuvi taa ya rizista.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilikuwa miezi migumu kwa wengi hapa mjini, na sitaki kuipamba. Kwangu mimi ilikuwa nafasi ya kujaribu bila mtu kunisubiri mlangoni. Nilianza na bamba. Aluminiamu ya milimita 4, sentimita 20 kwa 25, kutoka kwa muuza chuma chakavu. Nikajiuliza swali moja tu: bamba hili likiwekwa kwenye chumba kisicho na upepo, linaweza kubeba wati ngapi za joto bila kupita nyuzi 50? Jibu lilikuwa kama wati 10. Basi taa yangu ingekuwa na ukubwa huo, si zaidi, hata mteja akitaka namba kubwa ya kuandika mgongoni.

Nikaweka LED 12 zinazoruhusiwa miliampea 700, nami nikazipa 350. Watu wanaona huu ni ubadhirifu. Mimi naona ndiyo siri yote. LED ikipewa nusu ya uwezo wake inatoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati, kwa hiyo unapata mwanga zaidi ya nusu kwa joto pungufu ya nusu. Kuzidisha idadi ya LED na kupunguza mkondo ni kununua ubaridi, na ubaridi huo unaulipia mara moja tu.

Kisha likaja swali la kuzipanga. Kitabuni wangekushauri uziunge zote 12 mfululizo na draiva moja inayopandisha volti, mkondo unakuwa sawa kwa zote, na saketi ni moja, nadhifu. Nililikataa hilo. Katika mfululizo mmoja LED moja ikikatika taa yote inazima, na taa ikizima ziwani saa nane za usiku dagaa waliokusanyika wanatawanyika. Usiku umepotea, pamoja na mafuta ya injini na nguvu za watu. Nimefanya mafungu manne ya LED tatu tatu, kila fungu na draiva yake. Fungu moja likifa, robo ya mwanga inapungua na kazi inaendelea. Ni gharama zaidi na ni lehemu zaidi, lakini mwenye kuitegemea taa hii yuko kilomita kadhaa kutoka nchi kavu.

Niliiwasha saa nane mfululizo ndani ya chumba chenye nyuzi 27. Bamba lilisimama kwenye 46. Betri ilitoa wati 14.5, chini ya zile 17 za taa iliyoandikwa 50, na nahodha alipozining'iniza zote mbili pamoja juu ya pipa la maji hakuhitaji kipimo kuona ipi inaangaza zaidi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa maji. Taa ya dagaa lazima ifungwe, na boksi lililofungwa ni adui wa joto. Ndiyo maana kwangu bamba lenyewe ndilo mgongo wa taa. Upande wa nje unagusa hewa ya ziwa moja kwa moja, upande wa ndani umebeba LED. Ukiweka kipoza joto kizuri ndani ya boksi la plastiki umekifungia gerezani. Lakini kuna jambo lililonichukua muda kulielewa. Zile taa mbili zilizoingia maji zilikuwa na mipira mizuri ya kuzuia maji. Maji yaliingiaje? Zilivutwa. Taa ikiwa na moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoroka kidogo kidogo. Wimbi likiirukia ghafla inapoa, hewa iliyobaki inasinyaa, na taa inanyonya unyevu kupitia upenyo wowote, hasa pale waya unapoingilia. Taa yenye nyuzi 90 inanyonya sana. Yenye 46 inanyonya kidogo. Hivyo hata zile mbili, kwa hesabu yangu, joto lilizisindikiza. Siku hizi chumba cha draiva nakijaza epoksi, gundi inayoganda ngumu, kabisa, hakuna hewa ya kutanuka, na nimekiweka pembeni mwa bamba, mbali na LED, kwa sababu ya kapasita zake, vile vifaa vya kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, ambavyo joto linavichosha. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inadumu takriban mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 unazoipunguzia. Fanya hesabu hiyo hadi nyuzi 55 uone unapata miaka mingapi ya giza.

Mapezi, vile vibamba vinavyosimama mgongoni mwa taa ili hewa iguse eneo kubwa zaidi, nimeyapenda lakini kwa kiasi. Taa hii inaning'inia ikitazama chini majini, mapezi yanakaa juu, na juu ya mtumbwi wa dagaa kuna magamba, mafuta na utelezi wa kila namna. Mapezi yaliyobanana yanaziba kwa giza moja. Ukiyaweka, acha sentimita moja kati ya pezi na pezi, kidole kipite kusafisha.

Kuhusu rangi, mafundi wenzangu wananibishia, wanasema lazima nyeusi. Aluminiamu iliyong'arishwa ni mbaya kweli, inashikilia joto lisitoke kwa mnururisho, yaani kwa miale kama ile ya jua. Ila rangi ya kawaida, iwe nyeusi au nyeupe, inatoa joto la namna hiyo karibu sawa. Jicho linaona tofauti ambayo joto halioni. Mimi napaka nyeupe, kwa kuwa mchana taa inalala juani ufukweni na nyeupe inakunywa jua kidogo.

Najua swali linalofuata: bei. Taa yangu ni ghali kuliko ya dukani, na aluminiamu ndiyo sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Sitamlaumu mwenye mtumbwi anayenunua ile ya rahisi wakati giza linaanza kesho na mfukoni hana kitu. Ninaowalaumu ni sisi tunaotengeneza, tukiijua njia ya joto na bado tukaficha bati jembamba ndani ya plastiki nene kwa kuwa mteja hafungui. Na wewe unayenunua, huna haja ya kufungua. Washa taa dukani, zungumza na muuzaji dakika ishirini, kisha weka kiganja mgongoni. Mgongo ukiwa baridi kabisa huku mbele panawaka sana, usifurahi: joto limenasa ndani. Ukiwa wa moto lakini mkono unavumilia, joto linatoka. Ukishindwa kuhesabu hadi tatu, iache.

Taa zangu tano ziko majini tangu giza la mwezi uliopita. Moja ilirudi juzi, imekufa fungu moja, mafungu matatu bado yanawaka na nahodha hakuacha kuvua. LED zilikuwa za njano safi. Kilichokatika ni waya kwenye kiungo cha lehemu, umechoshwa na mtikisiko wa injini. Leo nimenunua vibano vya kuushikilia waya kwenye bamba, nami naanza kuvifunga kwenye zile nyingine kabla mwezi haujaanza kuchelewa kutoka.