Bundi Hana Habari Zako

Jirani yetu hapa Tanga alikata mwarobaini mzima kwa sababu ya bundi. Mti wenyewe ulikuwa mkubwa, kivuli chake kikifika mpaka uani kwetu, na jioni wanawake wa mtaa walikuwa wakichambua mchele chini yake. Ndege akalia usiku mbili tatu, mwenye nyumba akashikwa na homa, shoka likaletwa. Nilipomuuliza bibi mmoja wa mtaani mti ule una kosa gani, alinitazama kama mtoto aliyelelewa ugenini. "Mwanangu, ndege yule haji bure. Ametumwa."

La kwanza nakubaliana naye. Haji bure, anafuata panya. Hilo la kutumwa ndilo linalonikera, na sisemi hivyo kwa kuwa naona uani ni mahali pa kuanikia nguo tu. Naamini Mungu anasema kupitia viumbe vyake. Naamini mtu anaweza kukaa barazani akamtazama ndege chozi akinyonya ua la mgomba, akainuka na kitu ambacho hotuba ya Ijumaa nzima haikumpa. Ninachokataa ni kule kudhani kwamba kila kinachotua kwenye ukuta wetu kimekuja kwa ajili yetu, tena na habari zetu binafsi.

Orodha tunaijua sote. Bundi akilia juu ya paa, msiba. Kipepeo akiingia sebuleni, mgeni. Jogoo akiwika mlangoni mchana, mgeni vilevile, ingawa mara nyingi jogoo huyohuyo ndiye anayemlipia mgeni kwa shingo yake. Paka mweusi akikata njia, safari ingoje. Siku hizi mitandao imetuongezea mengine: kipepeo mweupe ni marehemu amekuja kusalimia, unyoya kizingitini ni malaika amepita. Yametoka mbali, lakini hamu ni ileile ya kutaka kuambiwa mambo yangu mimi.

Sasa mtazame ndege mwenyewe. Bundi anayeishi karibu zaidi na watu, mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, hana haja na msitu. Anakaa darini, kwenye magofu, kwenye minara na mapagala, maana penye watu pana nafaka, na penye nafaka pana panya. Masikio yake hayako sawa: moja limekaa juu kidogo kuliko jingine, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha kumpata panya gizani kwa kusikia tu. Manyoya ya mbawa zake yana kingo laini zinazoua sauti ya upepo. Kwa hiyo usiku unaona kitu cheupe kinapita juu ya kichwa chako bila mvumo wowote, halafu kinapiga ukelele kama wa mtu aliyeumizwa. Nani asishtuke? Mimi mwenyewe hushtuka. Na wazee wa pwani waliomwita babewatoto walijua wanachofanya. Jina hilo peke yake lilitosha kuwarudisha watoto ndani magharibi ikiingia.

Kuhusu msiba, nina maelezo yangu, na nayatoa kama ya mtu aliyewahi kuuguza. Nyumba yenye mgonjwa mahututi haizimi taa. Watu wanakesha, wanaingia na kutoka, masufuria ya uji yanalala uani bila kuoshwa. Taa inavuta wadudu, wadudu wanavuta mijusi, makombo yanavuta panya, na bundi anafuata chakula chake. Mgonjwa akifariki, kila mtu anakumbuka kwamba bundi alilia. Akipona, bundi hakumbukwi na yeyote.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba jambo hili lilishazungumzwa zamani sana, tena kwa kumgusa ndege huyuhuyu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) anakanusha imani kadhaa za zama za ujahilia, miongoni mwake tiyara na hama. Tiyara ilikuwa desturi ya kumshtua ndege kabla ya safari: akirukia kulia, ondoka, akirukia kushoto, rudi ndani. Hama wanazuoni wameieleza kwa njia zaidi ya moja. Wapo wanaosema ni ndege aliyedhaniwa kutoka kichwani mwa mtu aliyeuawa, akilia mpaka kisasi kilipwe. Wapo wanaosema ni bundi hasa: anatua juu ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba anaamini ametangaziwa kifo chake au cha mmoja wa watu wake. Yaani Mwarabu wa kabla ya Uislamu na jirani yangu wa Tanga walimsikia ndege mmoja wakaogopa jambo moja. Kwa upande wa Wakristo, Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inamweka mtazama bao na mbashiri kundi moja na msihiri.

Ajabu ni kwamba vitabu hivyohivyo vimejaa wanyama walimu. Ayubu anawaambia rafiki zake wakawaulize wanyama na ndege wa angani, nao watawafundisha. Yesu anawaambia wanafunzi wake wawatafakari kunguru, wasiopanda wala kuvuna. Katika Surat An-Naml sisimizi anawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Sulemani na majeshi yake bila wao kutambua, na mfalme anatabasamu kwa maneno yale. Hudihudi, katika sura hiyohiyo, anachelewa kikaoni, anatishiwa adhabu kali, kisha anamwambia mfalme pasipo woga kwamba amegundua jambo ambalo mfalme halijui, na kwamba amekuja kutoka Saba na habari za yakini. Hudihudi tunao huku kwetu, na kishungi chake cha rangi ya kutu, anadonoadonoa majani kutafuta wadudu, na watu wanapita tu.

Ila ninayempenda kuliko wote ni kunguru wa Surat Al-Maida, aya ya 31. Kabili ameshamuua Habili. Amebaki na maiti ya ndugu yake na hajui aifanyeje. Ndipo anakuja kunguru na kuanza kufukua ardhi, na muuaji anaona namna ya kumsitiri nduguye, anajilaumu kwamba ameshindwa kuwa hata kama kunguru yule. Angalia ndege alifika lini. Angekuwa ndege wa orodha zetu, angelia juu ya mti siku moja kabla, watu wakate mti, na Habili afe palepale. Huyu alikuja mambo yameshaharibika, akaleta kazi ya kufanya kwa mikono. Sijui aya nyingine inayoonyesha waziwazi zaidi tofauti kati ya ishara na ubashiri.

Na iko aya ya Surat Al-An'am, ya 38, inayosema hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama sisi. Umma una mambo yake. Una watoto wa kulisha, mipaka ya kulinda, misimu ya kuhama. Surat An-Nur inaongeza kwamba ndege waliokunjua mbawa zao kila mmoja anajua sala yake na namna ya kumtakasa Mola wake. Ukiisoma hiyo halafu ukamsikia bundi saa nane ya usiku, swali la "amekuja kwa nani" linakosa mahali pa kukaa. Ni kama kumsikia jirani akisoma Kurani alfajiri ng'ambo ya ukuta: hasomi kwa ajili yako, hajui hata kama umeamka, na bado sauti yake inaweza kukutoa kitandani.

Kuna mtu atasema nina moyo mgumu. Vipi mjane aliyeona kipepeo akimzunguka siku ya arobaini ya mumewe, akapata utulivu ambao hakuupata tangu mazishi? Kwake sina ubishi. Aliyefiwa aachiwe kipepeo wake. Faraja ile haimdhuru mtu, na ni nani aliyeniteua mimi nimpimie Mungu njia za kumliwaza mja wake? Shida yangu inaanzia pale ishara inapohitaji mtuhumiwa. Maana bundi "aliyetumwa" lazima awe na aliyemtuma, na mtaani aliyetuma hawi kamwe kijana mwenye pikipiki na ndugu wengi. Anakuwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali macho yale yameiva kwa moshi wa jikoni, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mti uliokatwa unauma, lakini mti huota tena.

Hata bundi wenyewe hawana ziada. Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Bundi mdogo wa Sokoke anaishi msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi na misitu ya chini ya Usambara Mashariki, yaani hapahapa mkoani kwetu. Tungekuwa na akili tungejivuna nao kama tunavyojivunia tembo.

Nisieleweke kwamba ndege hawasemi na watu. Wanasema, lakini na wale waliojifunza kuwasikiliza kwa muda mrefu. Wazee wa ukoo wa Nganyi, huko Bunyore magharibi mwa Kenya, wanasoma mvua kwa kuangalia miti, wadudu na ndege kwa pamoja, na wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya walifika kukaa nao na kulinganisha utabiri. Halafu kuna ndege wa asali, ambaye kwangu ni muujiza usiohitaji kutiwa chumvi. Anamfuata binadamu, anapiga kelele, anaruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mtu anavunja na kuchukua asali, ndege anabaki na nta na majana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi; Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wa kukoroma na kumalizia kwa mguno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mlio huo wa Wayao: ukilinganishwa na sauti nyingine, ulipandisha uwezekano wa kuupata mzinga kwa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 17 hadi 54. Hapo pana ujumbe wa kweli kati ya mtu na ndege wa porini, na mtoto wa Kiyao anaurithi mlio ule kwa wakubwa wake. Hakuna anayeupata kwa kumwona ndege mara moja akakimbilia kwa mganga.

Uani kwangu hakuna ndege wa asali. Wapo shomoro, chozi mmoja au wawili, mijusi kafiri ukutani, na kunguru, kunguru, kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha taka, na walipomaliza za Unguja wakavuka bahari. Mombasa walionekana mwaka 1947. Leo ukanda wote wa pwani ni wao: wanakula vifaranga, wanavunja mayai ya mnana, wanawafukuza ndege wadogo ambao babu zetu waliwajua kwa majina. Dar es Salaam wamewahi kutegeshewa sumu. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kwisha.

Ukiniuliza ni kiumbe gani uani kwangu ana neno la kuniambia, nitakuonyesha huyu. Hana siri yoyote ya kesho. Anakaa juu ya ukuta akiwa na mfupa wa kuku nilioutupa mwenyewe jana, na idadi ya wenzake inapanda na kushuka kwa kadiri ya tunavyotupa. Ninapomtazama hivyo ninapata aibu kidogo, na aibu ile imenifanya nichimbe shimo la mabaki ya jikoni nyuma ya choo na kulifunika. Hayo ndiyo mafanikio yangu yote ya kiroho kwa upande wa kunguru.

Wapo mtaani wanaosema kunguru wakizidi ni dalili ya nuksi. Safari hii niko upande wao kabisa. Ila wao wanatafuta shehe wa kuja kusoma dua, na mimi namtafuta mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa sababu jalala la nyuma ya soko limefika barabarani na gari la taka hatujaliona tangu mvua zianze.