Acheni mwanafunzi amkosee Keller kwanza

Riwaya ya Maestro ya Mwaustralia Peter Goldsworthy, iliyotoka mwaka 1989, naona mara nyingi husomwa kinyumenyume. Mwanafunzi huanza na mwongozo. Humo anakuta kila kitu kimeshamwagwa: Eduard Keller, mwalimu wa piano kutoka Vienna, alikuwa na mke Myahudi na mtoto wa kiume, Wanazi wakamwondolea wote wawili, naye akaenda kujizika Darwin, kaskazini kabisa mwa Australia. Baada ya hapo ndipo anafungua ukurasa wa kwanza.

Sasa atasoma nini? Ameshamhurumia mzee kabla hawajakutana. Paul Crabbe, kijana anayetusimulia, hakuanza hivyo. Mwaka 1967 ana miaka 15, na anachokiona mbele yake ni mlevi mwenye uso mwekundu na suti nyeupe, anayekaa kwenye chumba cha hoteli yenye kelele za baa. Kwa lafudhi yake tu, kijana anashuku kwamba huenda ni Mnazi wa zamani. Kitabu kizima kimesimama juu ya kosa hilo. Msomaji asiyelifanya pamoja na Paul amepitwa na kitu ambacho hakuna mwongozo utakaomrudishia.

Chukua somo lile la vidole. Paul anatoka nyumbani kwenye piano, amezoea kusifiwa, halafu Keller anamzuia kupiga na kuanza kumweleza habari za vidole, kimoja kimoja, kama mtoto mdogo. Mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya Paul. Niliona mzee anampotezea muda, na nilitaka aguse piano! Hata nilipoambiwa kwamba Keller alifundishwa na Leschetizky, ambaye alifundishwa na Czerny, mwanafunzi wa Beethoven mwenyewe, niliona ni majigambo ya mtu aliyeshindwa.

Ni vivyo hivyo kwa habari za magazeti anazokata na kuzihifadhi, za ukatili na upumbavu wa binadamu. Mwongozo huziita ishara na kuendelea na safari. Paul anaziona kama kichaa cha uzee, nami niliziona hivyo hivyo.

Walimu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuorodhesha dhamira, mpeni mwanafunzi penseli atie alama kila anaposema Paul kijana na kila anaposema Paul mtu mzima. Maana wapo wawili humo ndani, wakigombea sentensi moja. Yule mkubwa ni mwalimu wa muziki ambaye hakuwa mpiga piano mashuhuri aliyetarajia kuwa, na anajua alikuwa na nani chumbani mle, akamsikiliza nusu nusu. Majuto yake yamo katika namna anavyosimulia, hata pale anapochekesha. Hilo halionekani kwenye muhtasari wa ploti.

Paul anakuja kuupata ukweli Vienna, kwa mzee aliyewahi kumfahamu Keller. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Kisha sikuendelea mbele. Nilirudi kwenye somo la vidole, nikalisoma tena lote, polepole, nikimsikiliza mzee safari hii.