Cheti cha BRELA kinaishia Manyovu

Kuna kitu nakiona sana hapa Kigoma na kinanikera. Mtu anabuni jina la bidhaa yake, anahangaika na mtandao wa BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, mpaka anapata cheti cha alama ya biashara, yaani jina na nembo ya bidhaa, anakilamineti anakitundika dukani, afu anapakia mzigo Kibirizi kwenda Kongo au anaupitishia Manyovu kwenda Burundi akiamini kabisa jina lake linalindwa kote huko. Halilindwi bana. Kile cheti ni cha Tanzania bara tu, hata Zanzibar hakifanyi kazi, kule wana ofisi yao BPRA na unaomba upya. Sasa kama Unguja hakifiki, Uvira kitafikaje?

Ukiwaambia watu wanakujibu si tuko Afrika Mashariki moja, na Kongo nao wameingia 2022. Sawa, jumuiya ipo, ila usajili mmoja wa alama kwa jumuiya nzima haupo, kila nchi ina ofisi yake na fomu zake na ada zake.

Kuna mama namfahamu anauza mawese, na siyo yale ya kwenye madumu yaliyobandikwa karatasi ya daftari, ya kwake yamechujwa safi, chupa ya lita moja, stika ina mchikichi na jina kwa herufi nyekundu, ukiiona mara moja unaikumbuka. Mteja wake wa Bujumbura alikuwa anabeba kwa jumla miaka na miaka, wanaitana kaka na dada. Siku mama kapata mteja mwingine mji huohuo mzigo ukakwama, kumbe kaka alishasajili jina na mchikichi wake wote kwa jina lake yeye! Na usidhani ni rahisi kusema kaniibia basi anyang'anywe, maana nchi nyingi hasa zilizorithi sheria za Kifaransa na Kibelgiji anayetangulia kuomba ndo mwenye alama, ukitaka kuivunja inabidi uthibitishe alijua ni ya mwenzie akaomba kwa nia mbaya, na hiyo kesi unaiendesha kulekule, kwa Kifaransa, na wakili wa kulekule. Mama aliulizia bei ya wakili tu akanyamaza.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, sajili kule mzigo wako unakoenda, na usajili kwa jina lako au la kampuni yako, siyo la mteja wala la msambazaji hata kama ni shemeji yako. Mawakala wa alama, wale wanaokuombea usajili, utawahitaji kweli, nchi nyingi hazipokei ombi la mgeni bila wakala aliye ndani ya nchi, lakini wakala kazi yake ni kupeleka karatasi, kwenye sehemu ya mmiliki liandikwe jina lako, soma kabla hujalipa.

Na tuache hii ndoto ya kukimbilia Marekani kwanza. Kule tangu 2019 mwombaji anayeishi nje lazima awe na mwanasheria wa Marekani, na ukishapata, kati ya mwaka wa tano na wa sita unatakiwa upeleke tamko na ushahidi kwamba kweli unauza kule kwa alama hiyo, la sivyo wanaifuta. Sasa wewe chupa zako hazijawahi hata kufika Nairobi, ushahidi utautoa wapi? Ethiopia walienda kule 2005 kuombea majina ya kahawa zao, Sidamo, Harrar na Yirgacheffe, wakavutana na Starbucks mpaka wakaelewana 2007, ila wao walikuwa na sababu, kahawa yao ilikuwa tayari inauzwa kule na jina ndo lilikuwa linaleta hela. Sisi wa hapa hela yetu iko ng'ambo ya ziwa.

Kuna nafasi moja watu wanaipoteza bure. Ukishaomba hapa nyumbani una miezi 6 ya kuomba Burundi au Kongo na ombi lako likahesabika kama uliliwasilisha siku ileile uliyoomba hapa, hiyo inatokana na Mkataba wa Paris, ule wa mali za viwandani siyo wa tabianchi, na nchi zote tatu zimo. Yaani kaka wa Bujumbura akiomba katikati hapo wewe bado uko mbele yake. Angalia na daraja la bidhaa pia, yaani namba ya kundi la bidhaa unayoijaza kwenye ombi, mawese ya kula na dagaa waliokaushwa wako daraja la 29 lakini sabuni ni daraja la 3, ukisajili mafuta peke yake mwenye sabuni anaweza akapita na jina lako.

Kwenye kuhuisha ndo watu wanalala kabisa. Hapa bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10, Burundi na Kongo ni 10 tangu mwanzo, kwa hiyo tarehe hazifanani hata ukiomba kote mwezi mmoja. Ziandike sehemu, na ukibadilisha laini ya simu mwambie wakala wa kila nchi, maana yeye ndo anayepokea barua za ofisi kwa niaba yako.

Barua zenyewe nazo tabu. Alama ikishatangazwa majina ya wamiliki yanaonekana na kila mtu, basi zinaanza kuja barua na imeili zenye nembo na mihuri mizuri kuliko ya serikali, lipia kuhuisha haraka, lipia kuingizwa kwenye daftari la kimataifa, na akaunti ya benki iko nchi ambayo hujawahi kuomba kitu. Nyingi ni utapeli mtupu. Mtumie wakala picha ya barua kwanza, akikwambia haijui usilipe hata kama wamekuandikia zimebaki siku tatu.